Ng'ombe akiharisha tusikimbilie kulaumu saileji

Kila kiangazi kikishika huku Kiambu na Nyandarua, nyasi ya napia ikikauka, maneno ni yale yale: saileji ya mahindi, yaani mahindi mabichi yaliyokatwakatwa na kushindiliwa shimoni bila hewa yachachuke, ni chachu sana, inachoma tumbo la ng'ombe, afadhali nyasi kavu. Wanaosema hivyo hawajatunga, wameona ng'ombe akiharisha, akikataa chakula, akichechemea, mafuta kwa maziwa yakipungua. Hayo yote hutokea kweli. Ila mi naona tumemshika asiye mwizi.

Saileji nzuri ina pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda) ya kama 4, na tumbo kubwa la ng'ombe linataka 6 kwenda juu, sasa mtu akiziona hizo namba mbili lazima ashtuke. Lakini ng'ombe ana dawa yake, mate. Ng'ombe mkubwa wa maziwa anameza zaidi ya lita 100 za mate kwa siku, yaani mitungi mitano ya lita 20 na zaidi, na ndani yake kuna chumvi za jamii ya ile magadi tunatia kwa maharagwe, ndizo zinatuliza asidi. Lita 100! Sasa hayo mate yanatoka akitafuna na akicheua, asipocheua hayatoshi, ndio maana mtu akiniambia saileji imemharibia ng'ombe mimi nauliza kwanza umeikata urefu gani, kwa sababu kuna watu mashine yao inasaga mpaka inakuwa kama pumba, ng'ombe anameza tu hana cha kucheua. Sentimita 1 mpaka 2 inatosha. Pita bomani wakiwa wamelala, kama hata nusu hawacheui kuna shida.

Halafu huyo huyo, wakati wa kukamua, anamwagiwa kilo nne tano za unga wa ng'ombe wa dukani kwa mkupuo. Wanga ya unga inaongezeka juu ya wanga ya punje zilizo kwa saileji, bakteria wanaigeuza asidi haraka kuliko tumbo linavyoweza kuinyonya, pH inashuka chini ya 5.8 na inakaa hapo masaa, wale bakteria wa kusaga nyuzi wanalemewa. Kosa liko kwa hesabu ya chakula chote. Na wengine jana walilisha napia tupu, leo saileji tupu, wakati tumbo linahitaji wiki mbili tatu kuzoea, unaongeza kidogo kidogo.

Kuna pia lile la punje nzima kwa mavi, eti haisagiki. Hiyo ilikatwa kama imechelewa, punje imeshakuwa ngumu na mashine haikuivunja. Kata mahindi yakishapita ya kuchoma na hayajakauka.

Wanaopinga wana hoja zao pia. Protini ni kidogo, asilimia 7 mpaka 9, bila majani ya protini kama lusani na desmodiamu, au mashudu, maziwa hayapandi, na mwaka wa njaa ni ngumu kumwambia mtu akate mahindi ya ugali. Na kwa ukungu sibishani nao kabisa: shimo lisiposhindiliwa vizuri au karatasi ya kulifunika ikitoboka hewa inaingia, na ukungu mwingine unaleta sumu inaitwa aflatoksini, ambayo inapita kwa ng'ombe mpaka kwa maziwa, na kuyachemsha hakuitoi. Hiyo sehemu itupwe yote, hata kama ni nusu ya shimo.