Ua wa michongoma una wenyewe

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado halijaanza kuchoma, huwa natoka nikazunguka mitaa ya huku kwetu Tabata kwa miguu. Nilianza kwa sababu ya presha. Daktari alisema nitembee nusu saa kila siku, basi nikawa natembea macho chini, nawaza dakika zimebaki ngapi. Siku moja nikainama kufunga kamba ya kiatu kando ya ua wa jirani, nikasikia ndani ya miiba sauti nzito inashuka, du-du-du-du-du, kama maji yanamiminwa kutoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba. Dudumizi! Wengine humwita tipitipi. Marehemu bibi yangu alikuwa akimsikia tu, anatuamuru tuanue nguo, maana huyo ndiye ndege wa mvua. Mimi nilidhani nilimwacha kijijini pamoja na utoto wangu, kumbe miaka yote hiyo tunaishi naye mtaa mmoja.

Tangu hapo nusu saa imekuwa saa nzima.

Mkungu ulio kwenye kona ya duka hugeuza majani kuwa mekundu kabla ya kuyapukutisha. Chini yake asubuhi utakuta kungu zilizoguguniwa na popo usiku, na watoto wanaokwenda shule huzipasua kwa jiwe wakala kiini. Mwarobaini wa karibu na msikiti ukiivisha matunda yake ya njano, shore hujaa juu yake wakipiga kelele: ndege wa kahawia, kichwa cheusi, na chini ya mkia manjano utadhani amekalia binzari. Na kuna chozi aliyeshona kiota chake kwa utando wa buibui, kinaning'inia kwenye kijiti kama kimfuko kilichosahauliwa.

Lakini ninachotaka kukisema leo ni habari ya ua.

Ua ninaousema ni wa mama mmoja mtu mzima, michongoma iliyochanganyika na minyaa, umesongamana hata mkono haupiti. Msimu wa vuli uliopita shore walijenga ndani yake, kama futi nne kutoka chini. Nilikuwa nachungulia kwa mbali nisiwasumbue. Asubuhi moja nikakuta kunguru ametua juu ya ua. Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu si wa asili ya huku. Waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, wakaenea hadi bara, na mayai na makinda ya ndege wadogo ni chakula chao. Huyu aliingiza kichwa, miiba ikamchoma, akarudi nyuma. Akazunguka upande wa pili, akajaribu tena. Shore wawili walikuwa wanamrukia mgongoni huku wakilia. Nilisimama pale pengine dakika kumi. Mwishowe kunguru akaondoka na njaa yake, na yule mama akatoka akanikuta nimeduwaa nje ya nyumba yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepotea?"

Nikamwonyesha kiota. Akacheka, akaniambia anawajua, huwasikia kila akifagia.

Mtaani kwetu nyua za namna hiyo zilikuwa nyingi. Sasa nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mtu akipata fedha kidogo, kitu cha kwanza ni kuwaita vijana wenye mapanga. Mchana mmoja ua wa miaka ishirini unakuwa rundo la moto, na baada ya wiki mbili umesimama ukuta wa tofali, juu yake vipande vya chupa. Ndani, uwanja wote unasakafiwa, kwa sababu majani eti yanachafua. Mimi jani lililodondoka sijawahi kuliona kuwa uchafu. Uchafu ni mifuko ya plastiki iliyoziba mtaro, na hiyo hakuna mti ulioizaa.

Najua kwa nini tunajenga kuta. Vibaka wapo, nami nimeshaibiwa nguo kwenye kamba. Ila wahenga waliposema kupanda mchongoma kushuka ngoma, walikuwa wanautaja mti ambao mwizi hapandi mara mbili. Na mnyaa utomvu wake mweupe ukimwingia mtu jichoni, hatasahau. Kuna jambo jingine tunalolisahau mpaka masika yafike: maji ya mvua hupita taratibu katikati ya mashina ya ua, lakini yakikutana na ukuta hugeuka na kumwendea asiye na ukuta. Mwaka uliofuata naye anajenga, ili maji yaende kwa mwingine. Nyumba tatu za bondeni kwetu zimejaa maji namna hiyo, na wanaolaumiwa ni mawingu.

Dudumizi si mrukaji hodari. Hupenda kichaka kizito, karibu na ardhi, ajipenyeze atafute panzi na mijusi. Ukuta haumpi hata pa kuweka mguu. Ndiyo maana tangu ua wa nyumba ya pili ulipokatwa mwezi wa pili, upande ule namsikia kunguru peke yake.

Juzi yule mama ameniambia mwanawe anataka kumjengea ukuta, astarehe. Nimemwomba abakishe angalau upande wa mtaroni, michongoma isimame na ukuta ukae ndani yake. Akasema atalizungumza na mwanawe akija Jumapili. Kisha akaniuliza kwangu kuna nafasi gani. Nikamwambia kuna kipande kirefu kando ya ukuta, hakina kitu.

"Basi njoo na panga," akasema, "ukate vijiti vya mnyaa ukachomeke kabla mvua haijakatika. Na michongoma ikizaa nitakuwekea mbegu."