Kijembe Mlangoni mwa IST

Gari langu ni IST, nililinunua likitoka Japani na redio inayokamata FM ya 76 hadi 90 tu, kwa hiyo stesheni nyingi za Dar es Salaam ilikuwa haizifikii. Nikabadilisha redio. Vijana wa mtaani wakanishawishi niweke na subwufa ya inchi 12 kwenye buti. Tangu hapo kibao cha namba cha nyuma kikawa kinapiga matari peke yake.

Shangazi yangu, mtu wa Tanga, kila akipanda alikuwa na swali moja: "Mwanangu, ngoma naisikia. Mwimbaji mmemshusha wapi?"

Alikuwa na haki. Taarab ya mipasho bila maneno ni kelele za jirani.

Nikalipeleka gari kwa fundi redio mmoja wa eneo la Gerezani, hapo hapo Dar. Akasikiliza robo ya wimbo, akazima, akaanza kubandua kava la mlango huku akinipa darasa. Maneno ya mwimbaji, akasema, yanabebwa zaidi kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,000 na ushee. Hiyo ndiyo midi, sauti za kati. Subwufa iko zake huko chini ya 80, twita iko juu inashughulika na matoazi. Mwimbaji anategemea spika ya mlangoni. "Na mlango wako, bosi, ni debe tupu."

Tena akagundua spika ya kushoto imefungwa nyaya kinyume, chanya kwenye hasi. Akagusisha betri ndogo ya volti 1.5: karatasi ya spika ya kulia ikaruka nje, ya kushoto ikanywea ndani. "Unaona? Huyu anasukuma, huyu anavuta. Mke na mume hawasemezani, mgeni atasikia nini?"

Akageuza nyaya, akapanga krosova, kile kichujio cha kugawa sauti, ili spika za mlangoni zisibebeshwe besi. Ikabaki kuziba matundu ya mlango, maana hewa ya nyuma ya spika ikikutana na ya mbele sauti inakufa, na bati lenyewe linatetema. Karatasi maalumu za kazi hiyo zipo, ila bei yake ilinifanya nikohoe. Fundi akacheka, akatoa roli la utepe wa lami, ule wa kuzibia mabati yanayovuja. "Lami ni lami," akasema. Akaibandika milango yote miwili ya mbele, tena kwa ukarimu.

Jamani, ile sauti! Mwimbaji alipanda akakaa juu ya dashibodi. Ulisikia hadi anavyovuta pumzi kabla ya beti. Wimbo ambao miaka yote nilidhani ni wa mapenzi, kumbe mtu anasutwa mwanzo mwisho.

Ikaja harusi ya binamu yangu, Bagamoyo, jua la Januari. Shangazi kakaa mbele na sare yake mpya. Foleni ya Tegeta tukaipiga vioo vikiwa chini, kwa kuwa kiyoyozi changu kipo kwa jina. Tulipochomoka nikabonyeza kupandisha vioo. Mota ikaguna. Kioo kikachungulia kidogo, kinavuta nyuzi nyeusi kutoka tumboni mwa mlango, kikagoma hapo hapo. Cha pili vivyo hivyo. Lami ilikuwa imeyeyuka.

"Hii nini?" Shangazi akanyanyua kiwiko. Mkono wa dera ulikuwa mweusi.

Safari iliyobaki hakunisemesha. Alishika kitufe cha sauti, akawa anaongeza.

Tukaingia uwanja wa harusi vioo vikiwa wazi. Mlangoni kasimama nani? Mama wa bwana harusi, ambaye yeye na shangazi walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu kikao cha kuchagua rangi ya sare. Na wimbo nao, hauna adabu, ukafika kwenye beti la kumsema mwanamke mwenye kiherehere.

Nikapeleka mkono kuzima. Shangazi akaupiga kofi. "Wacha, mwanangu. Hapo ndipo penyewe."

Akinamama wote wakageuka. Hakuna aliyekosa hata silabi. Mmoja akapiga kigelegele, kisha akagundua kuwa hakupaswa.

Yule mama akaja taratibu hadi dirishani kwangu, akainama. Nikajificha nyuma ya heshima: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akamtazama shangazi, akaitazama spika. "Nimesikia neno kwa neno. Fundi wako yuko wapi?"

Ningefanyaje? Nikampa namba.

Wiki iliyofuata tulikuwa kwenye sherehe ya kumpokea bibi harusi upande wao. Tukiwa tumekaa mkekani, gari aina ya Noah la mtoto wa yule mama likaingia uani polepole, vioo chini, mwimbaji anasikika tangu barabarani. Shangazi akasikiliza beti zima, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akaninong'oneza: "Mwanangu, muulize fundi kama milango ya nyuma nayo inawekwa spika."