LRT ya Punggol: reli ikitangulia wakazi

Punggol, mji mpya ulioko kaskazini-mashariki mwa Singapuri, ulipata reli kabla ya kupata watu wa kuijaza. Mpango wake ulitangazwa 1996. Mwaka uliofuata uchumi wa Asia ukayumba, mahitaji ya nyumba yakapungua na ujenzi wa maghorofa ukasuasua, lakini njia ya juu ya treni nyepesi, ile LRT, ikaendelea kujengwa. Mzunguko wa mashariki ulifunguliwa Januari 2005. Ule wa magharibi, ingawa njia yake ilikuwa imeshasimama, ulisubiri hadi Juni 2014, na stesheni yake ya Teck Lee haikupokea abiria hadi Agosti 2024.

Wanaopinga utaratibu huu wana hoja nzito. Fedha iliyozikwa kwenye zege haizai kitu, na stesheni iliyofungwa bado inahitaji ulinzi, usafi na ukaguzi. Tena inaudhi. Buangkok, stesheni ya reli kubwa ya North East Line isiyo mbali na hapo, iliachwa imefungwa njia hiyo ilipoanza kazi Juni 2003, kwa maelezo kwamba abiria wa jirani hawajatosha. Agosti 2005 yakatokea mabango ya ndovu weupe nje yake, ishara ya mradi ghali usio na kazi, na Januari 2006 ikafunguliwa. Kwa hiyo mwendeshaji hana njia rahisi: akifungua mapema anasafirisha viti vitupu, akichelewa wakazi wanamwona mbadhirifu.

Pamoja na hayo, naona kutangulia kulikuwa sahihi, na sababu yake iko Bukit Panjang, mji mwingine wa Singapuri. Huko LRT ilifunguliwa 1999 katika mji uliokwisha kujengwa, ikapenyezwa katikati ya majengo. Matokeo yake ni kona kali, miinuko, na vioo vya madirisha vinavyojitia ukungu treni inapopita karibu na vyumba vya watu ili abiria wasichungulie. Hitilafu zikawa nyingi, na 2018 ulisainiwa mkataba wa kuukarabati mfumo huo wa dola za Singapuri milioni 344. Si haki kulaumu kona peke yake, kwani umri na aina ya mitambo vilichangia. Hata hivyo, Punggol ilitengewa ushoroba wake tangu kwenye michoro, maghorofa yakajipanga kuufuata. Kungoja mji ujae kwanza kungemaanisha kuchimba misingi ya nguzo penye mabomba, nyaya na barabara zinazotumika.

Suala gumu zaidi ni uwezo. Behewa moja la LRT hii hubeba takriban abiria 105. Likipita kila baada ya dakika tatu, kwa saa moja yanapita 20, yaani watu 2,100 kwa upande mmoja. Basi la ghorofa hubeba kama 130. Kwa mpishano huohuo linafikisha 2,600. Kwa hesabu hiyo tupu, treni ya behewa moja inashindwa na basi! Wapenzi wa reli huipita hesabu hii haraka mno. Treni inaongoza tu ikiunganishwa mabehewa mawili, na hapo inafika 4,200. Kwa bahati nzuri majukwaa ya Punggol na ya Sengkang, mji jirani wenye LRT kama hiyo, yalijengwa kwa urefu wa mabehewa mawili tangu mwanzo, ingawa treni za namna hiyo zilianza kutumika 2016. Faida nyingine za reli ni za kila siku: haikutani na foleni wala taa za barabarani, haina dereva, na matairi yake ya mpira hayapigi kelele kama magurudumu ya chuma.

Umbo la mzunguko nalo lina kasoro zake. Asubuhi karibu wote wanaelekea stesheni ya katikati kubadilisha treni. Behewa linajaa kwenye stesheni za mbali, na anayesubiri stesheni moja au mbili kabla ya katikati analiona likija bila nafasi. Yuko karibu zaidi lakini ndiye anayeachwa. Wengine hupanda treni ya upande wa pili na kuzunguka mji mzima, jambo linalookoa miguu lakini halisaidii uwezo hata kidogo.

Mahali palipopunjwa ni pale pasipoonekana: umeme na karakana. LRT ya Sengkang na ya Punggol zinategemea karakana moja, iliyoanza na hekta 3.5. Treni zikiongezwa bila nafasi ya kuzilaza, bila njia za kutosha za kuzitoa alfajiri na bila vituo vya kulisha reli umeme, zinabaki kuwa mali ya kuegeshwa. Ndiyo maana upanuzi hadi hekta 11.1 umeambatana na vituo vipya vya umeme na njia zaidi za kuingia na kutoka. Umeme ukikatika upande mmoja wa mtandao uliobanana hivi, hakuna njia mbadala ya juu. Inabidi kuita mabasi, na yanaitwa saa yanapohitajika kwingine. Mji unaojenga LRT na kufuta njia zake za basi unajiwekea mtego.

Sasa zimeagizwa treni mpya 25 za mabehewa mawili kuchukua nafasi ya mabehewa ya kwanza yaliyochakaa. Zitapunguza msongamano, ila behewa la tatu haliwezekani kwa sababu majukwaa yanaishia hapo. Kitakachobaki kuongezwa ni idadi ya treni kwa saa, na mpaka wa hilo utawekwa na mfumo wa ishara, umeme, na sekunde ambazo milango hukaa wazi kwenye stesheni ya katikati, ambako karibu behewa zima hushuka kwa pamoja.