Mke wa Elfu Tano

Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi huko Magu. Kila mwezi asilimia 3 ya mshahara wake hukatwa kwenda NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwajiri anaongeza 3 nyingine. Kwa kadi hiyo nimetibiwa malaria, jino na kichocho nilichokiokota ziwani nikiogelea, mpaka nikamaliza diploma. Siku niliyotimiza miaka 21 akanipigia simu. Nikajua ananitakia heri.

"Kuanzia leo," akasema, "kadi yangu haikuhusu tena. Ukiumwa, umwa kwa hela yako." Akakata.

Ilikuwa 2022. Nikaenda kuulizia vifurushi vya NHIF vya kujilipia, vilivyokuwa na majina matamu kweli: Najali, Wekeza, Timiza. Najali ndicho kilikuwa cha chini, na kwa kijana wa umri wangu kilikuwa shilingi 192,000 kwa mwaka. Mimi kazi yangu ni kuhesabu magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kujali, najali sana. Hela ndiyo haijali.

Jioni nikawasimulia wapangaji wenzangu Mabatini, kwenye nyumba yetu iliyong'ang'ania juu ya mawe. Jamaa wa bodaboda akaruka: "CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii! Elfu thelathini kwa mwaka, kaya nzima, watu sita! Unaanzia zahanati, wakishindwa wanakupa rufaa mpaka hospitali ya mkoa!" Akagawanya hewani kwa kidole: elfu tano kila kichwa.

Nikamwambia mimi kaya sina.

"Kwani sisi tumefanya nini?"

Kabla ugali haujaiva, kaya ilikuwa imetimia. Msusi wa chumba cha mbele akawa mke wangu. Alikubali bila kuacha kusuka, akafungua pindo la kanga na kutoa elfu tano yake. Bodaboda na fundi simu wakawa wanangu. Mama mwenye nyumba akajiteua mama mkwe, akatahadharisha kwamba undugu huo haufuti kodi ya miezi iliyopita. Nafasi ya sita alipewa mjukuu wake, mtoto pekee wa kweli katika familia yetu.

Afisa mwandikishaji akaja na simu yake ya kutupigia picha. Kwa mke hakusema neno. Alipomfikia bodaboda akashusha simu.

"Huyu nani?"

"Mwanangu."

"Mtegemezi anatakiwa awe chini ya miaka 18. Huyu ana ndevu na upara."

"Amewahi kukua," mama mkwe akatetea.

"Na wewe baba yake una miaka mingapi?"

"Ishirini na mmoja."

Afisa akamtazama mwanangu, mwanangu akanitazama mimi. "Dogo," akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "sema umenirithi!"

Afisa alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Kisha akaniandikisha peke yangu, kwa elfu thelathini ile ile, maana kaya ni kaya hata ikiwa na mtu mmoja. Hivyo michango ya familia yangu ikageuka madeni yangu.

Mabatini hakuna siri. Mtu alimwambia mtu, huyo akapanda basi, na habari ikafika Magu imenenepa: mtoto wa mwalimu ameoa kimyakimya Mwanza, ana watoto watatu, wa kwanza anaendesha bodaboda.

Jumamosi wakatokea, baba kavaa koti, shangazi kakumbatia kuku wawili. Shangazi hakusubiri kuonyeshwa. Akaenda moja kwa moja kwa msusi, aliyekuwa katikati ya kichwa cha mteja.

"Mwangaluka, mkamwana! Kwenu wanadai ng'ombe wangapi?"

Msusi hakuinua hata macho. "Ng'ombe wa nini, shangazi? Mimi nadai elfu tano yangu tu."

Baba akatia mkono mfukoni haraka. Shangazi akamshika.

"Subiri kwanza, usilipe. Muulize kama ana mdogo wake wa kike. Kaka mtu naye hajaoa."