Kwa Nini Ellicott City Haikupigwa Alama ya X

Asubuhi ya tarehe 28 Mei 2018, nikitoka zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi, nilikuta ujumbe wa sauti wa mama kutoka Magomeni, Dar es Salaam. Alikuwa ameona video ya maji ya rangi ya chai ya maziwa yakiporomoka katikati ya maduka ya mawe na kusukuma magari kama madumu matupu, na jirani akamwambia kwamba ni huku kwangu. Baada ya kuhakikisha kwamba mimi ni mzima, aliuliza kwa sauti ya mtu aliyegundua siri: "Kumbe na huko Marekani kuna Jangwani?" Alimaanisha bonde la kwetu linalojulikana kwa mafuriko. Nilicheka peke yangu kwenye maegesho, lakini swali lake halikunitoka, na kila nikisikia watu wa nyumbani wakisema kwamba wenzetu hawajengi mabondeni kwa sababu wana mipango miji, nalikumbuka.

Mji wenyewe unaitwa Ellicott City, jimbo la Maryland, magharibi kidogo mwa Baltimore. Jina lake linadanganya, kwa kuwa neno la pili maana yake ni jiji, na mji huu si jiji. Ulipewa hati ya kuwa mji wenye mamlaka yake mwaka 1867, ukaipoteza mwaka 1935, na tangu hapo hauna meya wala baraza la madiwani. Mambo yake yote yanaamuliwa na kaunti ya Howard, kana kwamba Mbagala nzima ingekosa hata mwenyekiti wa mtaa. Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu 75,000, lakini wengi wao, nami nikiwamo, tunaishi juu ya vilima katika mitaa ya nyumba zinazofanana, ambako huwezi kumtuma mtoto dukani kwa sababu hakuna duka la kutembea kwa miguu. Mji wa kale ni mtaa mmoja tu wa bondeni. Unateremka kwa mteremko mkali hadi kwenye mto Patapsco, umebanwa na miamba ya itale kila upande, na nyuma ya maduka yake kinapita kijito kiitwacho Tiber, jina la mto wa Roma. Walioliteua walikuwa na mzaha au majivuno, maana siku za kawaida mtoto anakivuka bila kulowa magoti. Mahali pengine kijito hicho kilipitishwa chini ya majengo yenyewe, hata mtu akikaa kimya ndani ya duka aliweza kuyasikia maji yakipita chini ya sakafu.

Anayeshangaa ni nani aliyejenga mahali kama hapo ajue kwamba maji ndiyo yaliyowaita. Patapsco unashuka hapa kutoka nyanda zenye miamba kuelekea tambarare ya Ghuba ya Chesapeake, na mteremko huo uliwavutia ndugu watatu, John, Andrew na Joseph Ellicott, waliohamia kutoka Pennsylvania mwaka 1772. Walikuwa waumini wa dhehebu la Quaker, lile lile lililofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Walitaka maji ya kuzungusha magurudumu ya vinu vya ngano, katika nchi ambayo wakulima wake walikuwa hawajui zao jingine la biashara ila tumbaku. Tumbaku ilikuwa imeichosha ardhi kiasi kwamba udongo uliooshwa kutoka mashambani ulijaza mto chini zaidi, na bandari ya Elkridge, iliyokuwa ikipokea meli, ikazibwa na tope. Akina Ellicott waliwashawishi wenye mashamba kupanda ngano, akiwamo Charles Carroll, mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru, na bonde likawa mahali pa unga. Miaka zaidi ya 50 baadaye reli ya kampuni ya Baltimore and Ohio, iliyoanza kujengwa tarehe 4 Julai 1828, ilifika hapo kwanza, maili 13 kutoka Baltimore, na mwezi Mei 1830 mabehewa ya abiria yakaanza safari yakivutwa na farasi. Stesheni ya mawe iliyojengwa wakati huo bado imesimama, na ndiyo kongwe kuliko stesheni zote zilizobaki Marekani. Leo ni makumbusho.

Ng'ambo ya pili ya mto, upande wa Oella, aliishi mtu ambaye ningependa watoto wetu wasome habari zake kabla ya habari za wenye vinu. Benjamin Banneker alizaliwa mwaka 1731, Mweusi huru katika nchi ya watumwa, akalima tumbaku ya familia yake, na alipokuwa kijana alitengeneza saa ya mbao iliyopiga kengele. Jirani yake George Ellicott alimwazima vitabu na vyombo vya kuchunguzia nyota, akajifundisha mwenyewe kukokotoa nyendo za jua na mwezi hadi akachapisha almanaka. Mwaka 1791 alishiriki katika kupima mipaka ya mji mkuu mpya wa Washington chini ya Andrew Ellicott, mpimaji wa ukoo huo huo, na Agosti mwaka huo akamwandikia Thomas Jefferson barua ya kumuuliza, kwa adabu iliyo kali kuliko matusi, vipi mtu aliyeandika kwamba binadamu wote wameumbwa sawa anawaweka wenzake utumwani. Alifariki mwaka 1806, na siku ya mazishi yake nyumba yake iliteketea kwa moto. Sasa mahali pake pana bustani na makumbusho, lakini palikaa muda mrefu bila kuhesabiwa kuwa kitu.

Mafuriko ya mji huu ni ya namna mbili, na wenyeji wanayatofautisha kama sisi tunavyotofautisha vuli na masika. Yapo yanayopanda kutoka chini, mto unapofurika, na yapo yanayoshuka kutoka juu, vijito vinapozidiwa. Tarehe 24 Julai 1868 mto ulipanda kwa kasi ya kutisha, ukabomoa vinu na nyumba na kuua watu wapatao 40, na alama ya kimo cha maji ya mwaka huo inazidi mita 6. Juni 1972 tufani ya Agnes iliujaza tena. Bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia kazini, ambaye alishiriki kuosha vyombo vya kanisa baada ya maji kupungua, aliniambia kwamba harufu ya tope lile ilikaa kwenye kuta hadi majira ya baridi, na mimi niliijua mara moja harufu aliyokuwa akiisema. Mafuriko ya karne hii yameshuka kutoka juu. Usiku wa tarehe 30 Julai 2016 ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 150 kwa saa chache, mtaa ukageuka mto, na watu wawili wakafa. Wanaume walishikana mikono kuanzia mlango wa duka ili kumvuta mwanamke aliyekwama ndani ya gari, kama vijana wa Mchikichini, Dar es Salaam, wanavyofanya kila masika bila kupigwa picha. Saa ya mtaani iliyochukuliwa na maji usiku ule ilipatikana, ikatengenezwa, ikarudishwa. Miezi 22 baadaye, tarehe 27 Mei 2018, maji yakarudi na kuichukua tena, pamoja na uhai wa askari mmoja wa akiba aliyekwenda kumsaidia mtu.

Sasa nije nyumbani. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, unatandaa pale Jangwani kati ya Magomeni na Kariakoo, kisha unaingia baharini kwenye daraja la Selander. Desemba 2011 uliua zaidi ya watu 40 katika Dar es Salaam. Sisi wa Magomeni tulikuwa juu kidogo, lakini shangazi yangu alikuwa amepanga chini, katika nyumba ambayo vitanda vyake vilipandishwa juu ya matofali mwaka mzima, si masika tu, na ukutani ungeweza kuhesabu misimu kwa mistari ya tope. Baada ya maafa yale waathirika walipewa viwanja Mabwepande, njia ya Bunju, na wengi wakaambiwa bondeni wasirudi. Waliorudi, na wageni waliowafuata, walipigiwa alama za X nyekundu ukutani, na kuanzia Desemba 2015 tingatinga likafanya kazi yake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na marafiki zangu. Wao wanasema tofauti kati ya miji hii miwili ni akili: mzungu anapanga, sisi tunavamia. Mimi nimeishi pote pawili, na naona watu wa pande zote mbili wamejenga bondeni kwa sababu moja, nayo ni riziki. Akina Ellicott walifuata nguvu ya maji. Shangazi alifuata ukaribu na Kariakoo, ambako ndoo yake ya mihogo ilimalizika kabla ya saa nne asubuhi. Pote pawili maji yalikuja, watu wakafagia tope, wakarudi. Tofauti iko katika jina walilopewa. Mwenye duka la vitu vya kale aliyerudi Ellicott City mara ya pili aliitwa mstahimilivu, akachangiwa pesa, na mji wake ukaitwa urithi wa historia. Aliyerudi Jangwani mara ya pili aliitwa mbishi, na magazeti yetu yakaandika "wakazi wa mabondeni" kana kwamba ni kabila.

Najua nitakavyojibiwa, na majibu mengine ni ya haki. Wa Ellicott City wana hati za viwanja na walijenga kabla ya sheria yoyote ya mipango miji kuwapo. Tena mtaa ule ni wa maduka na migahawa zaidi kuliko wa kulala. Mvua ikinyesha usiku, wengi wao wako kwao, juu kilimani, ilhali bonde la Msimbazi lililala na watoto wachanga. Nikiwa mkuu wa mkoa nami nisingependa mtoto alale pale. Lakini hoja ya hati ingekuwa na uzito zaidi kama ingalikuwa inaulizwa pia kwa wenye maghala, viwanda na vituo vya mafuta vilivyosogelea mto ule ule, na kama kituo cha mabasi ya mwendokasi kisingalijengwa Jangwani penyewe, kikafurika, kikafagiliwa na kuendelea kutumika.

Na hata hapa alama ya X ilikaribia. Mwaka 2018, baada ya mafuriko ya pili, uongozi wa kaunti ulipendekeza majengo 19 yabomolewe, 10 kati yake yakiwa sehemu ya chini ya mtaa, ili kijito kipate nafasi. Wapenzi wa majengo ya kale walipinga, wafanyabiashara wakagawanyika, vikao vya hadhara vikajaa, na Novemba ukafanyika uchaguzi ulioleta mkuu mpya wa kaunti. Mwaka 2019 mpango ulibadilishwa: sehemu ya chini yabomolewe majengo 4, na ichimbwe njia ya maji ndani ya mwamba ili kuyapeleka mtoni bila kupitia mtaani. Majengo yaliyotakiwa yalinunuliwa kwa bei iliyojadiliwa na wenyewe. Sikubaliani na kila walichokiamua, kwani handaki ni gharama kubwa kwa ajili ya mtaa wa kununulia mishumaa ya manukato na viti vya bibi vya kubembea, lakini hakuna aliyeamka akakuta rangi ukutani. Nyumbani, katika mradi wa sasa wa Bonde la Msimbazi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na wengine, fidia imelipwa kabla ya kubomoa, na hilo nalihesabu kuwa hatua ya kweli, ingawa imechelewa kwa watu wa 2015.

Kitu ambacho ningekibeba kutoka hapa hadi kwetu hakihitaji mkopo mkubwa. Ukitembea katika mtaa ule wa kale utaona, kwenye vichochoro na kando ya ngazi za mawe, vibao vinavyoelekeza njia ya kupanda mahali pa juu, na tangu 2019 kuna ving'ora vya kuonya. Mgeni asiyejua mji anasoma kibao na miguu yake inajua pa kwenda. Msimbazi kila mtoto anajua pa kukimbilia, lakini anajua kwa kuwa alishawahi kukimbia.

Kuna jambo ambalo watu wa vilimani hatupendi kulisema. Mvua ya 2018 ingeleta balaa hata kama vilima vyote vingekuwa msitu, maana bonde ni jembamba na mwamba haunywi maji; hata hivyo paa langu, maegesho ya ninapofanya kazi na lami ya barabara nne za mbele ya nyumba yangu vyote vinamwaga maji yake upande mmoja, na upande huo ni chini. Vivyo hivyo tope linaloinua sakafu ya mto Msimbazi pale Jangwani halikuchimbwa na watu wa Jangwani. Limetoka kwenye vilima vilivyokatwa miti, kwenye machimbo ya mchanga wa kujengea nyumba za watu wanaoishi mbali na mto, nyumba zisizopigwa X na mtu yeyote.

Shangazi alipewa kiwanja Mabwepande mwaka 2012. Alikaa miezi mitano, nauli ya daladala ikawa inakula faida ya mihogo, akarudi kupanga chumba Mchikichini, na kiwanja akakiacha na mtoto wake. Nilipompigia simu kumweleza kwamba yule mwenye duka wa Ellicott City amefungua tena kwa mara ya tatu, aliniuliza anauza nini. Nikamwambia anauza viti vya zamani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na vitanda amevipandisha juu ya matofali?"