Kisima katika shamba lisilo lako

Kila vuli ikichelewa, Mombasa maneno ni yale yale: mkulima wa Pwani amelala, maji yako karibu naye hayatumii, ndiyo maana soko la Kongowea hula vitunguu vya watu wa mbali. Naona anaonewa.

Wanaosema dawa ni mafunzo wana hoja. Iko mipira ya kumwagilia kwa matone iliyotupwa vichakani kwa sababu tu hakuna aliyeonyeshwa kuosha chujio, vitundu vikaziba. Tena mtu humwiga jirani aliyevuna tungule kabla ya kumsikiza afisa wa kilimo. Hilo silikatai.

Lakini tupige hesabu. Siku ya jua kali, mboga hutaka kama milimita 5 za maji. Kwa ekari moja hizo ni lita 20,000, yaani mitungi 1,000 ya lita 20, na kesho tena. Haya, tulime robo ekari: mitungi 250. Matone yaokoe nusu, bado 125. Nani ataibeba? Mara nyingi ni mama na wanawe, wale wale waliokwisha kuchota ya kupikia. Ndiyo maana anayemwagilia kwa ndoo huishia matuta mawili ya mchicha kando ya kisima. Huyo anajua faida ya maji kuliko sisi tunaomhubiria. Kilichomshinda ni uzito.

Basi anunue pampu ya sola. Kwa mkopo, na mkopo hutaka dhamana. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyotaka kila mwenye ardhi aidai na kuiandikisha, familia nyingi za ukanda huu zimelima ardhi yenye jina la mtu mwingine. Wako waliokatazwa hata kupanda mnazi, seuze kuchimba kisima. Akikichimba, ameipandisha bei ardhi ya huyo mwenye hati, na huenda ndiyo sababu ya kufukuzwa mapema. Mtu wa namna hii kukataa pampu ni akili timamu.

Chumvi nayo ipo: kisima cha karibu na bahari kikivutwa sana, maji huharibika. Hilo lapimwa kabla ya kununua chochote.

Kaunti zinapogawa pampu, zianze na mkataba wa maandishi baina ya mwenye ardhi na mkulima: miaka mingapi, na akiondoka, nani atamlipa gharama ya kisima. Mkopeshaji naye aukubali mkataba huo.