Jointi ya mbele ipi ngumu? Mnauliza vibaya

Kaa kwenye gereji ya magari ya watalii Arusha mpaka chai ya saa nne, utausikia ubishi ule ule: jointi ya mbele, ile inayozungusha tairi hata likikatwa na usukani, ipi ngumu, ya Land Rover ya zamani au ya Land Cruiser? Fundi mzee, aliyeanza kushika grisi enzi za Land Rover Series III, anaapa kwa krosi, jointi ya msalaba. Vijana wanamcheka, wanataja sivii (CV), jointi ya gololi ambayo mwendo wake unalingana hata ikikunjwa. Mimi naona wote wanapima chuma, wakati cha kupima ni pembe ambayo jointi inakunjwa.

Series II na III zilizungusha tairi za mbele kwa krosi, ndugu wa zile za propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli: msalaba mmoja, vikombe vinne vya beringi, basi. Kasoro yake ni kwamba ikikunjwa, mwendo wake haulingani. Kila mzunguko tairi huharakishwa mara mbili na kucheleweshwa mara mbili. Gari linalotembelea tairi za nyuma karibu siku nzima halijali hilo. Lakini Land Rover ya 110 ilipokuja mwaka 1983, tairi zote nne zikivuta muda wote, mbele ziliwekwa sivii. Na mzee anisamehe: krosi ilijipatia sifa kwa kupumzika. Mbele kumelala, shafti ya ekseli ya nyuma ndiyo iliyokuwa ikikatika.

Sivii imetokana na kazi ya Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, miaka ya 1920. Ndani mna gololi sita zilizoshikwa na kizimba, zikitembea kwenye mifereji. Jointi ikinyooka, zote sita zinagawana mzigo. Kata usukani mpaka mwisho, mzigo unazielemea chache, na ukikanyaga mafuta hapo, kizimba au kengele, yaani ganda la nje, inapasuka. Chuma ni kile kile kilichokuvusha tope asubuhi.

Ndiyo maana simwelewi mtu anayelinganisha Prado na Land Cruiser ya 70 kwa unene wa shafti. Ya 70 ina ekseli nzima mbele, moja kutoka tairi hadi tairi. Jointi inakunjwa na usukani tu. Hata uinue gari kwa springi ndefu, pembe ya jointi haibadiliki. Prado kila tairi inapanda na kushuka kivyake, kwa hiyo jointi inakunjwa na usukani, tena na shimo. Halafu mtu anaongeza spesa juu ya shokamzoba ili gari lionekane refu, jointi inaishi imepinda hata kwenye lami! Na kinachoilinda ni mpira tu. Ukichanika kwa mwiba wa mgunga, mchanga unaingia, na hutajua mpaka uanze kusikia ta-ta-ta ukikata kona.

Jointi ya 70 imefungiwa ndani ya tufe la chuma lililojaa grisi, ila nayo ina ugonjwa wake. Sili ya ndani ikichoka, oili ya difu, gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili za ekseli, inapenya na kuifanya grisi uji, kisha inavujia nje. Ukiona tufe limelowa, usilifute tu ukaondoka.

Jointi yangu niliiua mwenyewe. Nilinasa kwenye korongo, nikaamua kutoka kwa rivasi kupanda mwinuko: gia nzito, difu ya mbele nimeifunga ili tairi zote mbili zizunguke pamoja, usukani umekatwa wote. Ukirudi nyuma kupanda, uzito unahamia tairi za mbele, na difu ikishafungwa, nguvu yote inaweza kupita jointi moja. Ililia mlio mmoja mkavu kama kuni.

Fundi mzee ndiye aliyeitoa. Kengele ilikuwa imepasuka vipande viwili. Kile kikubwa amekiweka dirishani, anatunzia misumari. Ubishi ukianza hasemi neno, anakitikisa tu.